Njia ya Kabud Ilikuwa Hariri

Jumamosi, 3 Azar

Usiku wa kuamkia leo theluji ya kwanza imeanguka juu ya Kabud. Si nyingi, kama unga uliomwagika mezani. Kuanzia leo nitaandika kila safari, hali ya njia na hali ya mama, kwa sababu daktari huuliza na mama humdanganya.

Figo za mama zilikufa kiangazi. Sasa damu yake husafishwa kwa mashine, Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, na mashine iko mjini. Kati ya kijiji chetu na mji kuna mlima Kabud, na njia ni moja tu, inapanda, inafika kileleni, inashuka. Gari ni la marehemu baba, dogo, jeupe, jepesi. Baba alikuwa akisema wepesi ni aibu wakati wa kupanda na rehema wakati wa kushuka.

Baada ya mashine tulikwenda kupumzika kwa mama mdogo Akhtar. Ni mdogo wake mama wa tumbo moja, mjane, anakaa peke yake mtaa wa nyuma ya hospitali. Mwanawe Kamyar yuko Tehran. Tulipokunywa chai, mama mdogo akasema, "Dada, kaeni hapa mpaka Noruzi, mwaka mpya uingie. Chumba cha Kamyar ki tupu, na hospitali ni hapo, mtu akipiga chafya wodini namsikia."

Mama akasema Mungu asimwondolee baraka, lakini hatuwezi kumsumbua.

"Usumbufu gani? Nyumba ni yako, mimi ndiye mpangaji."

Mama akasema kivuli chake kisipungue, lakini nyumbani kuna kuku, kuna mabomba ya kuangalia yasipasuke. Hapo maziwa yakafurika jikoni na mama mdogo akakimbia. Aliporudi na sufuria mkononi, mama alikuwa mlangoni, amekwisha vaa viatu. Mama mdogo aliviangalia vile viatu. Kisha akauliza, "Barabara ikoje huko juu?"

"Hariri," mama akajibu.

Tulitoka mjini, mama kiti cha nyuma. Halafu akasema, "Mara mbili. Umesikia? Mara mbili tu."

Nilisikia. Kwetu mtoto hulijua hili kabla hajajua kuhesabu. Karibu ya kwanza ni ya mdomo, ya pili ni ya majirani, ya tatu ndiyo ya moyo. Mtu mwenye heshima hukataa mbili na kungoja ya tatu. Ya tatu mama mdogo hakuisema.

Jumatatu, 5 Azar

Njia kavu. Mama hajambo.

Jumatano, 7 Azar

Njia kavu, baridi kali kileleni. Nimeweka dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande. Nimemwambia mama, labda tumwombe mama mdogo sisi wenyewe. Ameniambia anayekaa bila kukaribishwa mara ya tatu si mgeni, ni ombaomba, na yeye hajazaa ombaomba.

Jumatatu, 12 Azar

Theluji mpaka kifundo cha mguu. Leo nimefunga minyororo ya tairi kwa mara ya kwanza mwaka huu, nimepiga magoti kwenye matope mbele ya kizuizi cha barabara, chini ya mlima. Mlinzi wa kizuizi ni Mashdi Nosrat, ndiye pia dereva wa greda la kusukuma theluji upande wetu wa mlima. Alisimama na bilauri yake ya chai akiniangalia.

"Dada Mahrokh, hilo ni gari au kibiriti?"

Nikamwambia ni gari.

"Basi usiliwashe karibu na nyasi."

Mama alicheka huko kiti cha nyuma. Mimi sikucheka. Wanaume wawili wa lori nao walicheka, mmoja akaniuliza kama mume wangu anajua niko wapi. Nikamwambia akimwona aniambie, nami namtafuta. Mashdi Nosrat akapandisha mti wa kizuizi na kusema maneno anayomwambia kila apitaye: "Niwatangulie na greda mpaka mlangoni pa hospitali? Mimi mtumwa wenu."

"Mikono yako isiumie, Mashdi. Tunakwenda wenyewe."

Kabla sijamaliza alikuwa amegeuka kurudi kwenye chai yake.

Jumatano, 14 Azar

Mama mdogo alikuwa nje ya lango la hospitali na chupa ya chai na mkate umefungwa kwa kitambaa. Aliuliza barabara ikoje. Mama akasema hariri. Mama mdogo akatikisa kichwa, akaangalia mlima, akatukabidhi mkate. Nadhani anauliza ili asikie kwamba ni nzuri, moyo wake utulie, aende zake.

Jumamosi, 17 Azar

Hariri, alisema mama. Tulikuwa tumeteleza mara mbili kwenye kona ya chemchemi.

Jumatatu, 19 Azar

Breki ya mkono iliganda usiku. Kosa langu. Baba alinifundisha wakati wa baridi gari liachwe kwenye gia na jiwe mbele ya tairi, nami nilikuwa nimechoka. Nilichemsha maji, nikamwagia, nikachelewa kituo cha maziwa ninakofanya kazi asubuhi. Mkuu wangu aliyapima maziwa mwenyewe, kwa kishindo.

Jumatano, 21 Azar

Njia nzuri. Mama amevimba miguu. Amenywa maji kwa siri, zaidi ya kipimo cha daktari.

Ijumaa, 30 Azar

Usiku mrefu kuliko mwingine wowote wa mwaka. Watu wote wako na jamaa zao, sisi tuko wawili, miguu chini ya mfarishi wa korsi, meza fupi yenye jiko dogo chini yake linalotuchoma magoti. Daktari amemkataza mama komamanga. Nilimpa punje chache kwenye kisosi, akazila moja moja, kila moja akiitazama kwanza kwenye taa.

Mama mdogo alipiga simu. Nilisikia sauti yake ikisema angetamani tungekuwa pamoja usiku huu. Mama akamwambia nasi pia. Wakanyamaza wote wawili muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha wakaagana.

Nilimuuliza mama alikuwa anangoja nini. Akasema alikuwa hangoji kitu.

Jumamosi, 1 Dey

Arobaini kubwa, zile siku arobaini za baridi kali, imeanza. Theluji imefika nusu ya tairi. Asubuhi naitoa betri ndani ya nyumba, usiku nailaza nami chumbani kama mtoto, isife kwa baridi. Nimeweka kadibodi mbele ya rejeta, nimefuta theluji ya juu ya paa ili isiporomoke kwenye kioo nikishuka. Gia ya pili tangu kuondoka, mguu usiguse breki. Mashdi Nosrat ameuliza kibiriti chetu kimebakiwa na njiti ngapi.

Jumatatu, 3 Dey

Lori limelala kwa ubavu kileleni. Tulingoja. Mama alifungua kioo kidogo, akachukua theluji kwenye ukingo wa dirisha, akaiweka mdomoni. Nikamwona kwenye kioo cha nyuma. Nikamwambia atoe. Akaimeza.

"Theluji yote hii," akasema, "na mimi nina kiu."

Jumatano, 5 Dey

Hariri.

Jumamosi, 8 Dey

Ukungu. Niliendesha kichwa nje ya dirisha, nikifuata ukingo wa barabara. Sikio la kushoto halisikii vizuri sasa jioni.

Mama mdogo alikuwa langoni kama kawaida. Leo alikuwa amemletea mama soksi za sufu alizofuma mwenyewe, na mimi glavu. Sikuzivaa. Glavu haziwezi kuwa chumba. Nilipokuwa nafungua minyororo alikuja karibu, akauliza polepole kama mama analala vizuri. Nikamwambia analala kama malaika. Ni uongo, analala ameketi, akilala chali anakosa pumzi. Lakini nikimwambia ukweli, ni kama nimenyoosha mkono kuomba, na mama alikuwa ananiangalia kupitia kioo.

Jumatano, 12 Dey

Njia kavu kwa jua. Hatari zaidi, kwa sababu kila kivuli cha jabali kina barafu isiyoonekana. Gari lilizunguka lenyewe kwenye kona ya chemchemi, taratibu kabisa, kama mtu anayegeuka kuangalia aliyemwita. Likasimama likiangalia tulikotoka. Hakuna aliyeumia. Mama alisema Bismillahi, kisha akasema, "Geuza. Tutachelewa."

Langoni mama mdogo aliuliza barabara ikoje.

"Hariri," mama akasema. Mikono yake aliificha ndani ya baibui. Nilimtazama mama mdogo usoni nione kama ameona. Alikuwa anaitazama minyororo, kiungo kimoja kilikuwa kimepinda. Aliitazama muda. Kisha akampa mama chupa ya chai, nikamchukia.

Jumatatu, 17 Dey

Theluji. Salama.

Jumatano, 19 Dey

Theluji. Salama. Mashdi Nosrat ameuliza tena kama atutangulie na greda. Nimejibu tena. Siku moja nitasema ndiyo nione atafanya uso gani.

Jumamosi, 22 Dey

Daktari kaniita pembeni. Ni kijana, ana haraka, hanitazami. Anasema mama asikose hata mara moja, moyo wake hauna nguvu ya kubeba maji. Anasema kwa nini hatuhamii mjini mpaka baridi ipite, je, hatuna jamaa? Nikasema tuna. Akasema basi. Akaenda.

Alivyosema "basi", kana kwamba mambo yamekwisha.

Jumatatu, 24 Dey

Nimemwambia mama maneno ya daktari. Amesema madaktari wa siku hizi hawakulelewa. Nikamwambia yeye ndiye anayekufa, si adabu. Tulizima taa. Gizani akasema, "Nilimlea Akhtar mimi. Mama yetu alipofariki alikuwa hajaota meno. Nimembeba mgongoni nikiteka maji. Mtu kama huyo hasemi mara mbili akanyamaza. Akinyamaza, ana maana."

Jumamosi, 6 Bahman

Mbingu za kijivu, chini kama dari. Wazee wa kituo cha maziwa wanasema sasa ndizo siku za ndugu wawili, arobaini kubwa inamalizika na arobaini ndogo inaingia, na mdogo ana hasira kuliko mkubwa kwa kuwa hana muda. Tumefika, mama amesafishwa damu, tumerudi nyuma ya greda. Mashdi Nosrat hakutania. Alisema tungebaki mjini leo. Mama akasema kwa nani?

Jumatatu, 8 Bahman

Njia imefungwa. Tufani. Nilifika mpaka kwenye kizuizi nikarudishwa.

Jumanne, 9 Bahman

Imefungwa. Nimefukua gari mara mbili.

Jumatano, 10 Bahman

Imefungwa. Siku ya pili ya mashine imepita. Uso wa mama umevimba, macho yamekuwa mistari. Nimepiga simu kwa magari ya wagonjwa, yako upande wa pili wa mlima. Helikopta hairuki kwenye ukungu. Mama mdogo alipiga simu, akauliza mama yukoje. Mama alinyoosha mkono akachukua simu kwangu, akasema, "Niko vizuri, mdogo wangu. Kwetu jua limetoka." Nje hatuioni nyumba ya jirani.

Ijumaa, 12 Bahman

Umeme umekatika. Simu zimekufa. Mama anapumua kama mtu anayepanda ngazi, na ameketi. Kesho naondoka naye, njia iwe imefungwa au imefunguliwa.

Jumatatu, 15 Bahman. Hospitali

Naandika ya Jumamosi, nisije nikausahau mfuatano wake.

Alfajiri niliirudisha betri, nikalifunika gari kwa blanketi mpaka injini ikapata joto. Nilimfunga mama kwa mfarishi wa korsi, nikamweka kiti cha nyuma akiwa ameketi, mto kila upande. Kutoka nyumbani mpaka kizuizi nilifungua njia kwa koleo mahali patatu. Nilipofika, mti ulikuwa chini na kufuli limewekwa. Mashdi Nosrat alitoka kibandani akifunga koti.

"Dada, rudi. Hata mbweha hajapita tangu Jumatatu."

Nikafungua mlango wa nyuma nikamwonyesha. Akainama, akamtazama mama. Midomo ilikuwa na rangi ya zabibu. Mama akamsalimia. Akamuuliza hali ya watoto wake.

Mashdi Nosrat akasimama. Nadhani hakujua aseme nini, ndipo ulimi wake ukasema ule wimbo wake wenyewe, bila yeye: "Ningewatangulia na greda mpaka mlangoni pa hospitali. Mimi mtumwa wenu."

Nikasema, "Haya. Tutangulie."

Alinitazama kama nimemvua kofia mbele ya watu. Sijawahi katika maisha yangu kusema ndiyo kwa neno la kwanza, wala yeye hajawahi kuambiwa. Nyuma yangu mama alininong'oneza kwa aibu, "Mahrokh!" Mashdi Nosrat aligeuka akaangalia kibanda, akaangalia mlima, akaangalia chai yake iliyokuwa inatoa moshi dirishani. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo wa kufuli.

Tulipanda nyuma yake. Nilichokuwa nakiona ni taa yake ya njano inayozunguka na kuta mbili za theluji, si kingine. Gia ya kwanza, minyororo ikila barafu. Nikikaribia mno, theluji inayorushwa na bapa la greda inanipofusha. Nikibaki nyuma, upepo unaijaza njia kabla sijapita. Mama nilimsikia kwa pumzi zake. Zilipokuwa zinasikika nilikuwa natulia, zilipopungua nilikuwa namsemesha. Alikuwa ananijibu kwa neno moja. Nilimuuliza kama ana baridi. Akasema hariri. Sijui kama alikuwa anatania.

Kileleni greda likasimama. Mashdi Nosrat akashuka, akaja dirishani kwangu akijishika kofia.

"Mimi mwisho wangu ni hapa. Ng'ambo ni wilaya nyingine, wana greda lao."

Nikatazama mbele. Ng'ambo hapakuwa na barabara, palikuwa na mteremko mweupe kuanzia jabali hili mpaka jabali lile. Greda lao halikuwa limepita. Kama ningesema tafadhali, angeniambia yuko tayari kufa kwa ajili yetu, na mchezo wa adabu ungeanza upya. Nikakaa kimya mikono kwenye usukani. Akamtazama mama tena. Akarudi kwenye greda, nikaona bapa likishuka.

Kwenye mteremko ndiko kulikokuwa kubaya. Greda hukwangua theluji na kuacha chini yake barafu iliyosuguliwa. Kwenye kona ya pili mnyororo wa kulia ulikatika, ule wenye kiungo kilichopinda tangu Dey. Gari likaenda lenyewe. Sikugusa breki, niligeuza usukani kule linakotaka kwenda kama baba alivyonifundisha, likaingia pua kwenye ukuta wa theluji upande wa mlima. Upande wa pili ni bonde. Nilipiga honi, upepo ukaimeza. Taa ya njano ikaenda, ikapotea.

Kwanza nilitoka nikafukua bomba la moshi, maana likizibwa moshi hurudi ndani na watu hulala wasiamke. Kisha nikaufunga mnyororo kwa waya. Zile glavu za mama mdogo zilikuwa chini ya kiti tangu siku alizonipa. Nilizivaa. Zilinitosha sawasawa, kidole kwa kidole. Niliporudi ndani mama alikuwa amefumba macho. Nikamwita. Akafumbua.

"Akhtar hapendi maziwa yakifurika," akasema. "Tangu utotoni. Anaogopa kelele yake."

Nikamwambia anyamaze, atunze pumzi.

Greda lilirudi kinyumenyume. Mashdi Nosrat alikuwa ametazama nyuma asione taa zetu. Alitufunga kamba, akatutoa, akaiacha kamba ilivyo, akatuvuta hivyo hivyo, kibiriti nyuma ya greda, mpaka mlangoni pa hospitali. Mpaka mlangoni kabisa. Wauguzi walipomchukua mama nilimgeukia nimshukuru. Alikuwa anakunja kamba. Alisema tu, "Chai yangu imepoa."

Jumanne, 16 Bahman

Mashine imemsafisha siku tatu mfululizo. Uso umerudi kuwa uso wake, lakini mdogo zaidi.

Mama mdogo ameketi kando ya kitanda cha mama tangu Jumamosi. Juzi mama alipoweza kusema, mama mdogo alimuuliza. Sidhani alikusudia, ni mazoea.

"Dada, barabara ilikuwaje?"

Mama alitazama dari. "Mbaya," akasema. "Ilikuwa mbaya, Akhtar. Kila siku ilikuwa mbaya."

Mama mdogo aliweka uso wake kwenye blanketi, kwenye magoti ya mama. Akasema humo ndani, sauti haisikiki vizuri, "Basi kaeni kwangu. Dada, kaeni."

"Nitakaa," mama akasema.

Leo nilimfuata mama mdogo kwenye korido. Nimekuwa na maneno yangu tangu Azar na nilitaka kuyatoa. Nikamuuliza kwa nini hakusema mara ya tatu siku ile, alingoja nini?

"Alivaa viatu," akasema.

Nikamwambia alivaa viatu ili aambiwe avue.

"Hivyo ndivyo ujuavyo wewe. Mimi nilitoka jikoni na sufuria inaniunguza nikaona dada yangu amevaa viatu, kamba amefunga. Nikasema hataki. Hataki kulala kwa mdogo wake akimwosha na kumvalisha, yeye aliyeniosha mimi. Nikimlazimisha nitamwaibisha. Nikajisemea, nitamuuliza barabara. Siku atakayoniambia ni mbaya, nitakuwa na sababu, hatakuwa ameomba wala mimi sitakuwa nimelazimisha." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nimeuliza kila siku, Mahrokh. Kila siku akaniambia hariri. Na wewe ukaniambia analala kama malaika."

Nilitazama glavu zangu.

Jumatano, 17 Bahman

Mama amefariki asubuhi, akiwa kwenye mashine. Daktari amesema moyo ulichoka kwa ile wiki ya maji. Alikuwa atolewe Jumamosi. Nje kulikuwa na jua.

Ijumaa, 19 Bahman

Jana tulimrudisha nyumbani, alale karibu na baba. Gari la maiti mbele, mimi nyuma na mama mdogo kando yangu. Barabara ilikuwa nyeusi, kavu, imekwanguliwa mpaka lami, pande zote mbili za mlima. Kileleni Mashdi Nosrat alikuwa anatungoja ndani ya greda. Hakushuka, hakusema maneno yake, hakuuliza kama tunahitaji kutanguliwa. Aliingia mbele yetu tu, taa ya njano inazunguka kwenye jua, bapa limeinuliwa juu kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kusukuma, akatuongoza mpaka makaburini.

Mama mdogo alitazama nje njia nzima. Karibu na kona ya chemchemi akasema, "Leo ni hariri kweli."

Jumatano, 24 Bahman

Nimeamka kabla ya alfajiri nikarudisha betri kwenye gari, nikafunga boneti, ndipo nikakumbuka.

Jumatatu, 6 Esfand

Theluji inayeyuka. Maji yanakimbia chini ya barafu, yanasikika hayaonekani. Kuku wa mama nimewagawa.

Jumamosi, 11 Esfand

Nimevuka Kabud kwenda kuchukua vitu vya mama hospitalini: baibui, tasbihi, soksi za sufu. Njia imelowa, minyororo haihitajiki. Kwenye kizuizi Mashdi Nosrat alipandisha mti kabla sijasimama. Alinyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu.

Kisha nilikwenda kwa mama mdogo kumpa soksi, ni zake. Alikuwa jikoni. Alisema nipite, na kwa kuwa korido ina milango miwili nilikosea mlango. Ni chumba cha Kamyar. Hita ilikuwa inawaka. Kuna kitanda kimeinuliwa upande wa kichwani kwa matofali mawili, kama wanavyomwekea mtu asiyeweza kulala chali. Kando yake kuna godoro la pili chini, shuka zimekunjwa. Kopo dogo la maji, la kipimo alichoruhusiwa. Sakafuni mbele ya kitanda zulia limefubaa kwa joto la hita, mviringo mzima. Zulia halifubai hivyo kwa wiki nne tu, tangu mama aseme atakaa.

Niligeuka nikamkuta amesimama nyuma yangu na kitambaa cha sufuria mkononi.

"Tangu Azar," akasema. "Nilisema nikiizima, chumba kitapata unyevu, siku akikubali atapata kikohozi."

Tulisimama hapo. Nilikuwa nimeshikilia mlango, viatu miguuni, funguo za gari mkononi. Nje gari niliacha kwenye gia na jiwe mbele ya tairi, kwa mazoea. Kabla haijaingia jioni ningeweza kuwa nimevuka.

"Kaa," mama mdogo akasema.

Nikainama, nikavua viatu.